Mfereji wa Bi Ummkulthum

Kheir alikuwa fundi wa umeme na maji, ana duka lake Mlandege, na kwa kazi ya mikono yake hakuna aliyekuwa na neno. Neno lilikuwa kwenye ulimi. Wazee wake ni wa Tumbatu, lakini yeye kakulia Morogoro, akarudi Unguja ndevu zimeshamjaa, na Kiswahili chake kikabaki kulekule alikokula ugali wa utotoni. Akifungua kinywa, wateja huulizana kwa macho: huyu wa wapi?

Hilo lisingemnyima usingizi, ila alikuwa anamtaka Tahiya. Na mama yake Tahiya, Bi Ummkulthum wa Malindi, alikuwa keshalitamka mbele ya watu: "Mtu wa bara mwisho wake bara. Atanchukulia mwanangu." Na leo alasiri ami yake Kheir, Mzee Msabah, alikuwa avuke kutoka Tumbatu na wazee wenziwe kuja kupokea jibu la posa. Ndiyo au siyo, basi.

Asubuhi ya siku hiyohiyo Bi Ummkulthum, akiwa sokoni Darajani, akamtumia Kheir sauti kwenye simu.

"Kheir, shikamoo yako nshaipokea, usipoteze wakati. Nenda nyumbani, Tahiya atakufungulia. Nifungie waya wa pampu. Na ule mfereji wa uani ufunge leo leo, maji yanamwagika mpaka uchochoroni, majirani washanchoka. Na ufanye ninalokwambia tu! Juzi nimekwita kwa taa moja, ukanihamishia na swichi. Mpaka leo n'napapasa ukuta."

Kheir aliisikiliza sauti ile mpaka akaihifadhi kama sura ya msahafu. Leo hataongeza, hatapunguza.

Akaingia uani. Ukutani palikuwa na bomba kuukuu, limefungwa kitambaa shingoni kama mgonjwa wa mafua, linadondosha. Chini yake, mtaro wa mawe uliochukua maji yale, ukayapitisha chini ya ukuta na kuyamwaga uchochoroni. Kheir akautazama mtaro. Naam, mfereji wenyewe huu, na maji yanakwenda kwa majirani kama alivyosema Bi. Akatia mawe kwenye tundu la ukuta, akashindilia, akapiga saruji ya kukauka upesi, akalainisha kwa mwiko mpaka pakang'aa.

Bomba nalo lilimwita. Vidole vikamwasha. Akajikanya: hukutumwa hilo.

Akapanda juu kwenye tangi kushughulikia pampu, na hapo akaanza kuchelewa kwa makusudi. Ada ni kwamba mposaji haonekani kwenye posa yake. Lakini fundi ambaye hajamaliza kazi, nani atamwambia ashuke?

Alasiri wazee wakafika. Wakavua viatu uani, wakakaribishwa sebuleni, ambako sakafu imeinuka ngazi moja. Bi Ummkulthum, keshatoka sokoni, akakaa nyuma ya pazia. Kheir, kule juu, akaunga waya wa mwisho na kubonyeza swichi. Pampu ikanguruma kama paka aliyeshiba. Tangi likajaa. Akatabasamu.

Uani bomba kuukuu halikutabasamu. Maji mapya yalipoteremka kwa nguvu zote, kitambaa kikachomoka, kichwa kikaruka, na maji yakatoka kama yaliyokuwa kifungoni. Yakautafuta mtaro, yakaukuta umezibwa, yakakaa kitako kama wageni wengine.

"Mama!" akalia Tahiya. "Viatu vya wazee vinaogelea!"

Kheir alishuka ngazi mbili mbili, akafunga koki ya tangi njiani. Alipofika uani maji yalikuwa ya ugoko, na makubadhi ya Mzee Msabah yanapita mbele yake, moja nyuma ya jingine, kama bata.

"Mimi nimekuja kuposa," alisema Mzee Msabah mlangoni, "hamkunambia nije na mtumbwi."

Bi Ummkulthum alitoka nyuma ya pazia, buibui kalikusanya mkononi. "Kheir!"

"Naam, Bi."

"Sikukwambia ufunge mfereji?"

"Nimeufunga, Bi. Huu hapa, kwa saruji. Hata mdudu hapiti."

Bi akaitazama saruji. Akalitazama bomba. Akamtazama Kheir.

"Na kile ukutani chaitwaje?"

"Kile? Bomba."

"Ule ndio mfereji, baba! Mpya nimeuweka jikoni juu ya kabati, ukaufunge pale. Wewe umenizibia mtaro!"

"Kwetu mfereji ni mtaro, Bi," alisema Kheir kwa sauti iliyolowa kuliko suruali yake.

Tahiya akaziba mdomo kwa mtandio. Kisha Bi Ummkulthum akaanza kucheka; alicheka mpaka akaushika ukuta, palepale swichi ilipohamia, taa ikawaka mchana kweupe.

"Msabah," alisema akijifuta machozi, "kijana wenu hajui kusema. Lakini nimemwambia jambo moja, kalifanya hilohilo, hakunibishia. Marehemu baba yake Tahiya hakunifanyia hivyo hata siku moja!"

"Ndiyo au siyo?" aliuliza Mzee Msabah, akiliokota kubadhi lake.

"Bara haendi mtu. Akae hapahapa nimsomeshe maneno."

"Sina wa kumrudia bara, Bi," alisema Kheir. "Duka langu lipo Mlandege."

"Basi zibua hapo ulipoziba. Halafu Ijumaa, inshallah, tunafunga."

Kheir alikuwa keshapiga magoti majini, patasi mkononi. Akasita, akainua kichwa. Safari hii aliuliza kwanza.

"Tunafunga nini, Bi?"

"Ndoa, mjinga wewe!"