Themostati ya Bi Kulthum

Matar, fundi umeme wa Wazanzibari wengi wa Landani, alifika Rayners Lane Jumamosi mchana kufunga themostati ya ukutani kwenye hita ya gereji. Hita yenyewe ilikuwa nzima, ila haikuwa na akili: ikiwashwa inawaka tu mpaka mtu aizime, na Sufian, mwenye nyumba, alilalamika kwamba haizimwi.

"Haizimwi na nani?" Matar aliuliza.

"Na Mama."

Mama yake Sufian, Bi Kulthum, alikufa majira ya baridi yaliyopita. Matar alihudhuria khitma yake, akamwombea dua, akala pilau. Sasa alimkuta gerejini kwenye kiti cha plastiki, kati ya baiskeli na makopo ya rangi, kajitanda kanga juu ya sanda.

"Shikamoo, Bi Kulthum."

"Marahaba, mwanangu. Niwie radhi kwa kujikunyata. Sanda si nguo ya nchi hii."

Akauliza kama pilau ya khitma ilikuwa na mbatata. Matar akamwambia ilikuwa nazo. Bibi akafurahi, maana yeye huku gerejini alipata harufu tu.

Matar alizima umeme kwenye swichi kubwa, akapima nyaya kwa testa, kisha akachagua mahali: ukuta wa ndani, usawa wa kifua, mbali na mlango na mbali na pumzi ya hita. Waya wa moto aliupitisha kwenye themostati kwanza, ndipo uende kwenye hita. Akaweka nyuzi joto ishirini. Gereji ikifika joto hilo, hita itazima yenyewe.

Akawasha umeme, na gereji ikapata joto. Matar alivua koti, akavua na sweta, jasho likamtoka. Themostati ikasema mbili. Akazima tena umeme, akaifungua, akaipeleka uani ikiendeshwa na betri yake. Huko ikasema saba, sawa na hewa ya siku ile. Akairudisha ukutani, ikasema mbili.

"Si mbovu hiyo," alisema Bi Kulthum. "Ndiyo baridi ya usiku ule."

"Usiku upi, Bi?"

"Niliokufa. Nilikuwa nalala hapa, mwanangu. Chumba changu kapewa mpangaji."

Kwenye khitma Sufian alilia mbele ya watu, akasema mama yake kaondokea kitandani mwake, wanawe wamemzunguka, na waliohudhuria wote wakamwitikia: Mungu akulipe. Matar aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Mama mzima, aliyezaa na kulea, awekwe na makopo ya rangi!

"Na hita hii?"

"Kainunua baada ya mazishi. Nilipokuwa hai hapakuwa na kitu."

Majuto ni mjukuu, husemwa, na huyu wa Sufian hakudumu hata msimu mmoja. Matar aliingia jikoni, ambako Sufian alikuwa akinywa chai.

"Yakhe, mtie mama yako ndani. Themostati haina dawa ya jambo hili."

"Atakaa wapi? Mpangaji ana contract." Sufian hakukasirika. Alifikiri kidogo. "Si lazima iwe kule kule, au siyo? Nifungie themostati hapa jikoni."

"Hapa kuna joto. Hita haitawaka kabisa."

"Ndiyo."

Matar alitaka kukataa. Lakini Bi Kulthum alikuwa amesimama mlangoni, bila ya kuvuka kizingiti.

"Mfungie, mwanangu," alisema. "Umeme ghali, na miye nishazoea."

Matar akatoboa ukuta, akapitisha waya, akafunga. Themostati ikasema ishirini na mbili. Kule gerejini hita ilipoa polepole, na Bi Kulthum akarudi kitini, akavuta kanga hadi masikioni.

"Alhamdulillahi," alisema Sufian. "Sasa inafanya kazi."