Kuwahi Namba

Kila asubuhi Ruti alichelewa namba, ule mkusanyiko wa shule kabla ya masomo. Wenzake wa darasa la kwanza walikuwa wameshafagia uwanja, wamekaguliwa kucha na kuimba, ndipo yeye anatokeza kwenye njia ya mibuni, miguu imelowa umande. Alipewa adhabu ya kuchota maji. Alichota bila kulalamika, na kesho yake akachelewa tena.

Mwalimu wake, Fides, alikuwa mgeni pale Vwawa; kwao Songea. Jioni moja alikwenda kwa bibi aliyekuwa akimlea Ruti.

"Anachelewa?" bibi alishangaa. "Mwalimu, huyu mtoto anaondoka hapa majogoo hawajamaliza kuwika!"

Asubuhi iliyofuata Fides alimngojea njiani, akamfuata kwa mbali. Ruti hakushika njia ya shule. Aliteremka mpaka stesheni ya reli, ambayo ilikuwa bado mpya siku hizo, akasimama karibu na bomba la maji. Treni ya kutoka Zambia ikaingia. Wakashuka wanawake na mafurushi yao, na Ruti akamtazama kila mmoja usoni, mpaka treni ikaondoka na watu wakatawanyika.

"Unamngoja nani, Ruti?"

Mtoto alishtuka. "Shikamoo mwalimu. Namngoja mama."

Mama yake, Nesta, alikwenda Kitwe kumuuguza dada yake. Aliaga kuwa angerudi mahindi yakikomaa. Mahindi yalikomaa, yakavunwa, mashamba yakaanza kulimwa tena. Treni ya abiria haikupita kila siku, lakini Ruti hakujua siku zake, kwa hiyo alikwenda siku zote.

Fides alichuchumaa. "Tumwombe Bwana Watson, yule mshika bendera wa stesheni, amwangalie. Akishuka amwambie kuwa uko shuleni. Mama yako yukoje?"

Machozi yalimtoka Ruti.

"Ana kitenge cha kijani," alisema. "Uso siukumbuki."

Fides alimshika mkono, wakaenda kwa Bwana Watson. Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia.

"Wewe nenda ukasome, mjukuu wangu. Kila mama anayeshuka hapa nitamuuliza jina."

Tangu siku hiyo Ruti aliwahi namba. Akajua a, e, i, o, u, akajua kuandika jina lake. Lakini honi ya treni iliposikika kutoka bondeni, kalamu yake ilisimama. Fides naye alingoja mpaka sauti ile ilipopotelea upande wa Mlowo, kisha akaendelea kufundisha. Siku kama hizo, akirudi nyumbani jioni, alimkumbuka mama yake mwenyewe kule Songea.

Mvua zilipoanza, mwanamke mmoja aliyekonda alisimama mlangoni pa darasa, kanga imelowa chapa. Watoto wakainuka. "Shikamoo mgeni!" walisalimia wote kwa sauti moja, na Ruti akiwa miongoni mwao.

"Ruti," mwanamke aliita polepole. "Ruti mwanangu, ndiyo umekua hivi?"

Ile sauti Ruti aliijua. Aliruka dawati.

Kesho yake hakutaka kwenda shule. Aling'ang'ania nguo ya mama yake, akilia kwamba akirudi atakuta ameondoka tena. Bibi alimbembeleza, ikashindikana. Nesta alimbeba mgongoni, mkubwa vile, akampeleka mpaka uwanjani huku wenzake wakiimba kwenye namba.

Kisha akaketi kwenye nyasi mbele ya dirisha la darasa la kwanza. Ruti aliandika mstari mmoja, akachungulia nje; akaandika mwingine, akachungulia tena. Fides aliona, akamwacha. Manyunyu yalipoanza, alimtuma mtoto mmoja ampelekee Nesta kiti barazani.

Nesta alikaa pale mpaka watoto walipotoka.