Jibu Moja la Shule Mbili

Mwalimu Hamida alikuwa na simu moja ya tochi na wanafunzi arobaini na mmoja wa kidato cha nne, na mwaka ule wa 2007 alidhani vitu hivyo viwili vingetosha. Shule yenyewe, ile ya kata iliyo juu ya Lukozi, ilikuwa changa. Maabara ni chumba kilichoandikwa maabara mlangoni, basi. Vitabu vya baiolojia vilikuwa vinne. Upande wa Malindi, kata ya ng'ambo ya milima, si ile ya pwani, Mwalimu Nathanaeli, aliyesoma naye chuoni, alikuwa na vitabu sita na shida zile zile.

Wakabuni mchezo. Swali linaandikwa ubaoni, wanafunzi wanakaa kwa vikundi, wanabishana, wanakubaliana jibu moja la Kiingereza. Lisizidi herufi mia na sitini, maana likizidi meseji inahesabiwa mbili na vocha inakwisha. Kisha mmoja anakwenda dirisha la mwisho, mtandao uliko, anatuma. Malindi wanalisoma, wanalikosoa, wanalirudisha. Likishakubaliwa pande zote mbili, kila mtu analinakili kwenye daftari lake.

Darasa lililozoea kukaa kimya likaanza kelele. Hata Idrisa, ambaye mdomo wake ulifunguka kwa miayo tu, siku moja alisimama kugombea neno kuhusu mizizi. Lakini aliyewazidi wote ni Hidaya, binti wa mkulima wa kabichi. Nyumbani kwao ni Kishambaa, Kiswahili alikikuta shuleni, na Kiingereza cha mtihani kilikuwa mzigo juu ya mzigo. Pamoja na hayo, alijua kuikata sentensi mpaka ikaenea kwenye meseji bila kupoteza kitu. Nusu ya majibu ya shule zote mbili yalipita mkononi mwake. Baba yake alishamwambia: ukifaulu kwenda kidato cha tano, nitakupeleka kwa hali yoyote, usipofaulu, jembe lako liko nyuma ya mlango.

Matokeo ya mtihani wa taifa yalipobandikwa, hapakuwa na daraja mbele ya jina lolote, si hapa wala Malindi. Palikuwa na neno moja tu: yamefutwa.

Wiki iliyofuata akaja mkaguzi, Bwana Samsoni, mtu mpole wa kutia hasira. Alitandaza mezani nakala za karatasi za majibu.

"Mwalimu, soma hapa. Sasa hapa. Na hii ya Malindi."

Hamida akasoma. Ilikuwa sentensi ile ile, aliyoikata Hidaya, mpaka mkato wake. Watoto hawakuwa na Kiingereza kingine cha kulisema jambo lile. Walikuwa na hiki walichokipigania wenyewe, na kwenye mtihani wakakiandika kama kilivyo.

"Shule mbili, milima yote hii katikati, maneno yale yale," alisema Bwana Samsoni. "Mtihani waliupata wapi?"

"Hawakuupata. Walijifunza pamoja."

"Kwa njia gani?"

Hapo angeweza kudanganya, na wengi wangedanganya. Yeye akasema, "Kwa simu." Akaenda mbio kuleta madaftari waliyomwachia, yenye tarehe tangu Machi ya mwaka wa masomo, kila jibu na masahihisho yake. Masikini, aliamini kabisa kwamba hayo ndiyo yangewaokoa.

Bwana Samsoni aliandika neno "simu" akalipigia mstari. Madaftari akayafunga kwa kamba, yawe ushahidi.

"Muulizeni Mwalimu Nathanaeli," alisema Hamida. "Yeye ndiye aliyekuwa akipokea."

"Tumemuuliza. Ameandika na kutia sahihi kwamba hajawahi kupokea meseji yoyote ya darasani."

Hamida akazikusanya zile nakala, akamrudishia.

Habari ilienea kijijini kabla mkaguzi hajafika Lushoto. Jioni ile Hidaya akaja nyumbani kwa mwalimu, miguu ina udongo wa shambani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Hidaya. Karibu ukae."

Hakukaa. "Nilitaka kuuliza tu. Lile jibu langu, ningelikosea kidogo, wangeamini ni langu?"

Hamida angeweza kumpoza kwa uongo. Mtoto huyu hakuwa amezoea kudanganywa naye.

"Ndiyo," alisema. "Wangeamini."

"Asante, mwalimu," alijibu Hidaya. Akaomba ruhusa, akateremka bondeni, ambako baba yake alikuwa amemwachia matuta manne ya kumalizia.