Sauti ya Libère na Unga wa Uji

Unga ulikwisha kusagwa, na shida ikaanzia hapo. Magunia yalijaa sebuleni kwa Dative, mtaa wa Mutanga Nord, mpaka mwanawe Joëlla akawa anatambaa katikati yake kama apitaye uchochoroni. Mahindi, mtama na soya, vimekaangwa, vimesagwa laini: unga wa uji wa watoto. Wajane wa ushirika wao walikuwa wametia humo kila walichokuwa nacho. Mvua zilikaribia, na unga ukishikwa na unyevu ni wa kumwaga. Mjini hakuna aliyejua kama upo.

"Tutafute mutu wa kututangazia," alisema Amandine, mwenzake wa ushirika. "Mumoja tu, mama Joëlla. Tukikosea, hatuna cha kulipa mwingine. We ndiye ulisoma masomo ya jioni ya biashara, chagua."

Dative alikubali bila furaha wala woga. Tangu mumewe Léonce auawe barabarani, mimba ikiwa bado changa, mambo yalimfikia kama maongezi ya nyumba ya jirani. Alimnyonyesha mtoto, alimwogesha, alimbusu visigino. Huko mikono yake ilijua la kufanya. Mengine aliyafanya kwa kuwa yalipaswa kufanywa.

Wa kwanza kuja alikuwa Hugues wa Kiriri, mtaa wa matajiri, aliyesomea mawasiliano Ulaya, ananukia manukato mpaka Joëlla akapiga chafya. Alileta mchoro wa mtoto mnene anayecheka, wa kubandikwa ukutani mji mzima.

"Madame, sisi hatuuzi unga. Tunauza ndoto."

"Ndoto inapikwa na maji ngapi?" aliuliza Amandine.

Dative aliuliza moja tu, juu ya mtaa wa upande wa pili wa vita: "Na Cibitoke mutabandika?"

Hugues akatazama viatu vyake. "Cibitoke kwa sasa... apana, madame. Hali unaijua."

Wa pili alikuwa Cirimwami, Mkongomani mwenye kipaza sauti juu ya gari. Sauti alikuwa nayo. Lakini alipojaribu mtaani, neno la kwanza tu, milango ikafungwa upande huu na upande ule. Watu walikwisha zoea kwamba kipaza sauti kinaleta amri ya kuhama.

"Sijafika hata kwa unga," alilalamika Cirimwami.

Mwalimu wa jioni aliwahi kuwaambia: usitafute anayesema vizuri, tafuta anayesikilizwa. Dative alilijua jibu, na lilimjia bila maumivu. Kila adhuhuri Libère alisoma matangazo ya vifo redioni. Saa hiyo mji wote, pande zote za vita, ulinyamaza. Hata sokoni muuzaji aliiacha mizani ikining'inia.

Amandine aliweka ungo chini. "Si ndiye alisoma ya Léonce?"

"Ndiye."

"Utaweza kumusikia akitaja jina lako?"

"Nitaweza," alisema Dative, kama mtu aliyeulizwa kama chumvi ipo. Amandine akageukia magunia, asionekane uso.

Libère mwenyewe hakuficha kitu. "Dada, mi sijui kusoma kwa furaha. Walinipa tangazo la bia, wanywaji wakavua kofia."

"Soma vile unasomaka kila siku."

Akasoma vile vile. "Tunawatangazia ndugu, jamaa na marafiki, walio karibu na walio mbali: Dative, mjane wa Léonce, wa Mutanga Nord..." Unga ulifuata baadaye, lakini waliomjua walikuwa wamekwisha simama kutafuta viatu.

Jua halijapoa, uani pakajaa. Majirani, akina mama wa kanisani, wengine na viti vyao kichwani, wengine na vibuyu vya pombe ya mtama, nyuso zimeandaliwa. Wakamkuta Dative mlangoni anachekecha unga, mtoto mgongoni. Hakuna aliyejua aufanye nini uso wake.

"Basi nani amekufa?" aliuliza mzee mmoja.

"Hakuna, baba."

"Hakuna kabisa?" alisema, kama aliyepunjwa.

Waliokuja msibani hawaachwi warudi mdomo mkavu. Amandine akabandika sufuria kubwa. Uji ulipoanza kutokota, mamamkwe wa Dative aliingia. Alikuwa ametoka Cibitoke kwa miguu. Tangu azike mwanawe hakuwahi kuvuka kuja huku, na Joëlla alikuwa hajamwona. Alishika kitenge kipya cha kufunikia maiti.

Akamtazama mkwewe sana. "Nilikuja kukuzika."

"Karibu, mama. Mutoto ni huyu."

Mamamkwe akampokea mtoto, akamfunga mgongoni kwa kitenge kile kile, akaomba uji. Alikunywa kikombe chote kabla ya kusema, "Sukari ni kidogo."

"Sukari ilipotea mujini, mama."

Siku hiyo walinunua wachache, wengine kwa aibu tu. Magunia mengi yalibaki. Jioni haijaingia Libère akaja, kofia mkononi.

"Dada, unisamehe. Kesho nitarudia bure. Nianzie wapi?"

"Anza na unga," alisema Amandine. "Jina achana nalo."

"Apana," alisema mamamkwe. "Sauti hiyo ikianza na unga, watasema huo unga umeua mutu."

Wote wakamgeukia Dative.

"Jina libaki pale pale," alisema. "Ongeza tu kwamba niko hai."

Kesho yake adhuhuri mamamkwe alikuwa bado yuko, redio kwenye mapaja, mtaa umenyamaza. Sauti ikaja, nzito kama siku zote. "Dative, mjane wa Léonce, wa Mutanga Nord, ambaye yuko hai, anawaalika kununua unga wa uji..."

Dative alikuwa ameshika kopo la kupimia. Akayangoja maneno yapite, kama mengine yalivyokuwa yakipita. Hayakupita. Kopo likamwinamia mkononi, unga ukamwagikia vidole vya miguu, na akausikia, bado una joto la jua.

"Unamwaga," alisema mamamkwe taratibu.

"Naona, mama."

Langoni mtu alikuwa akipiga hodi, beseni tupu kiunoni, na nyuma yake wengine wawili.