Nyumba Iliyoambiwa Hama

Asubuhi hiyo Chiriku alikuwa ukumbini mwa hoteli, akifuta kitambulisho chake cha kuongoza watalii kwa pindo la shati, akisubiri wageni wake wamalize chai. Kitambulisho kile ndicho kilichomlisha yeye na mama yake, kwa hiyo alikifuta kila siku, kichafuke kisichafuke. Wageni walikuwa wawili tu, daktari wa meno mstaafu na mkewe, waliochukua ziara ya faragha ya siku nzima ili wasisukumane na watu kwenye vivutio vya mji mkongwe. Walikuwa watu wazuri, wenye kofia kubwa na maswali mengi.

Jina la Chiriku alipewa kwa sababu ya mdomo wake, lakini kazini mdomo ule haukuwa wake. Ofisi ya Urithi ilitoa maelezo ya kila jengo, waongoza watalii wakayahifadhi neno kwa neno, na aliyethubutu kuongeza la kwake alipokonywa kitambulisho siku hiyohiyo. Chiriku aliweza kuongea kutwa nzima bila kusema kitu. Ofisini walimsifu sana kwa hilo.

Walianzia Lango Kuu. Alikuwa ameshafika kwenye misumari ya shaba, pale ambapo wageni huguna kwa raha, wakati mke wa daktari alipogeuka na kunyoosha kidole.

"Na ile nyumba?"

Nyuma ya gari lao ilisimama nyumba ya chini, yenye mlango wa kijani na dirisha lililozibwa kwa boksi la sabuni. Chiriku aliitambua mara moja, maana boksi lile alilibandika mwenyewe. Ilikuwa nyumba yao.

"Ile ni nyumba tu," alijibu, akarudi kwenye misumari.

Hapa lazima turudi nyuma kidogo, msije mkasema natia chumvi. Mwaka juzi Ofisi ya Urithi iligundua kwamba wageni wanaokwenda Ngomeni hawana pa kuegesha magari. Akaja mtu na kopo la rangi nyekundu, akaandika ukutani mwa nyumba yao: HAMA. Basi. Hakupiga hodi, hakuaga. Humo ndani walikuwemo bibi, mama, wajomba, mama mdogo, na watoto ambao hawakutulia hata mtu awahesabu. Mama alitoka na mikono yenye povu la vyombo, akasoma, akacheka.

"Jamani, hapa tupo wengi! Wangekuwa wanatusema sisi wangeandika 'hameni'. Anayeambiwa hapa ni mmoja, naye ni nyumba."

Mama alikuwa anatania. Nyumba haikuwa na mazoea ya utani. Tingatinga lilipofika siku ya kubomoa, lilikuta familia imelala chini kwenye kiwanja kitupu, vitanda vimeondoka na nyumba. Msimamizi alitazama huku na huku, akapiga simu kusema agizo limetekelezwa, na jioni ileile kokoto zikamwagwa. Ukoo ukatawanyika, kila mtu kivyake. Bibi hakumaliza mwaka. Mama aliishia stoo kwa mdogo wake, kati ya mifuko ya saruji, na ufunguo wa mlango wa kijani akautia uzi na kuuvaa shingoni.

Nyumba nayo ilihangaika. Haikuwahi kuonekana ikitembea, ilionekana imefika. Kuna kipindi ilipanga foleni Ofisi ya Ardhi, watu mbele yake na watu nyuma yake, ikawa inaambiwa njoo kesho, njoo kesho, mpaka ikachoka na kuondoka. Watu wa mjini waliipita kama wanavyopita gari bovu.

"Si wewe unayejua mji?" mama alikuwa akimwambia Chiriku kila jioni. "Nitafutie nyumba yangu. Nataka kulala kitandani kwangu, basi, kingine sitaki." Na Chiriku alikuwa ameahidi, tena kwa kuapa.

Sasa ilikuwa inawafuata. Walipofika Mnara wa Saa waliikuta imeshatangulia, imewaziba wapiga picha. Kwenye Mahakama ya Zamani ilisimama upande wa kivuli. Daktari aliipiga picha nyingi kuliko alizoipiga mahakama, na kila alipouliza, Chiriku alisema ni nyumba tu, akaendelea na mwaka wa ujenzi na unene wa kuta.

Ngomeni maegesho yalikuwa yamejaa. Nyumba ilisubiri pembeni kwa adabu, kama mtu aliyelelewa vizuri. Madereva walipoondoka kwenda kula mchana, nafasi ikapatikana, na Chiriku alipogeuka tena nyumba ilikuwa imeshakaa juu ya msingi wake wa zamani. Ilishusha pumzi, vumbi likatoka chini ya mlango. Mlinzi wa maegesho aliizunguka, akatafuta pa kubandika tiketi, akaibandika kwenye boksi la sabuni.

Chiriku alijificha nyuma ya mzinga, akapiga simu.

"Mama, imerudi! Iko palepale. Njoo na ufunguo, na usianze kuoga."

"Nimeoga tangu mwaka juzi," mama alisema, akakata.

Bahati mbaya mke wa daktari naye alikuwa na simu. Alikuwa ameshaipigia hoteli kusifia nyumba ile, hoteli ikampigia Mhifadhi Mkuu wa Ofisi ya Urithi, na Mhifadhi akawa wa kwanza kufika, akiwa na kamba na mlinzi wa ofisi yake. Ndiye aliyesaini agizo la maegesho. Aliizunguka nyumba polepole, akitabasamu.

"Safi kabisa. Ngome tunazo, majumba ya wakubwa tunayo. Tulichokosa ni nyumba ya mtu wa kawaida. Tumeitafuta miaka!" Akasogelea ile HAMA nyekundu, akaigusa kwa leso. "Maandishi ya asili haya. Yawekewe kioo leo hii, yasije yakafutika."

Mama alishuka kwenye pikipiki, ufunguo mkononi. Kamba ilikuwa imeshafungwa mlangoni. Akasimama akaitazama, kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwake mbele ya mlango ule, akasema, "Hodi."

"Karibu, bibi," mlinzi alimjibu. "Shika foleni."

Foleni yenyewe ilikuwa daktari na mkewe. Ikawa pia mlango haufunguki. Mlinzi aliusukuma, Mhifadhi akausukuma, wapi! Mama akapita katikati yao, akatia ufunguo, akaunyanyua mlango kidogo na kuupiga kiuno, ukafunguka. Mhifadhi alipiga makofi. Akaupokea ufunguo kwa mikono miwili, akasema utawekwa kwenye kabati la vioo, na kwamba bibi huyu leo anaingia bure.

Ndani kila kitu kilikuwa kama kilivyoachwa. Povu lilikuwa bado kwenye beseni la vyombo. Kitanda cha mama kilikuwa kimetandikwa, mto una shimo la kichwa chake. Mama alinyoosha mkono.

"Hakiguswi, bibi," mlinzi alisema. "Nyumba ya urithi hailaliwi."

Mhifadhi alimnong'oneza Chiriku maelezo mapya, mafupi, kisha akarudi nyuma kusikiliza. Chiriku akasafisha koo. Aliwaambia wageni kwamba hii ni nyumba ya mwananchi wa kawaida, kwamba wenyewe hawajulikani, na kwamba walihama kwa hiari yao.

Mama aliinua mkono kama mgeni mwenye heshima zake.

"Samahani, mwanangu. Hapo kitandani alikuwa analala nani?"

Daktari na mkewe wakageuka, maana lilikuwa swali zuri. Mhifadhi alikuwa anatazama kitambulisho kifuani mwa Chiriku. Chiriku alikishika, akakifuta kwa pindo la shati.

"Haijulikani," alisema.

"Haya," mama alijibu. "Nilitaka kujua tu."

Chiriku alimkimbilia nje. Fundi alikuwa anamalizia kukaza kioo juu ya rangi nyekundu, na mama amesimama mbele yake anasoma.

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Nilikwambia unitafutie nyumba, umenitafutia. Hebu soma hapo."

"Hama," Chiriku alisoma.

"Safari hii wamepatia," mama alisema. "Niko mmoja."

Akajifunga mtandio vizuri, akamuaga fundi wa kioo, akahama.