Jicho la Bibi na Swali la Profesa

Bibi alishafika ngazi za chini za ghorofa alikoishi mjukuu wake, kiatu kimoja kimefungwa, kingine kinaburura kamba, begi begani, mkono ukipapasa ukuta. Kesho yake asubuhi alitakiwa hospitali, atolewe mtoto wa jicho. Badala yake alikuwa anatoroka, anarudi kwake, kwenye cherehani yake, na ukungu wake jichoni.

Mjukuu akamkimbilia, simu mkononi, roho juu. Alikuwa chuoni mwaka wa kwanza, na bibi alimwita Profesa. Juzi ndiye aliyemsomea ukurasa uliosema watu hupofukia mikononi mwa daktari.

"Bibi, subiri basi!"

"Nisubiri nini, mke mwenzangu? Si umenisomea mwenyewe?"

"Huenda nilikosea."

"Profesa akosee? Makubwa!" Bibi akaketi kwenye ngazi, akahema. "Hebu niambie, hiyo simu uliiuliza nini hasa?"

Profesa akaangalia chini. "Niliandika: upasuaji wa macho unavyopofusha watu."

Bibi akacheka mpaka begi likamdondoka. "Mteja akitaka gauni jeusi, nitamshonea jeupe? Wewe hukuuliza, mwanangu. Uliagiza."

"Niliogopa, bibi. Nilitaka nione kama kuna mwingine anayeogopa."

Bibi akamvuta karibu. Akamfuta machozi kwa kiganja chenye sugu ya mkasi. "Basi uliza upya. Na safari hii angalia na fundi aliyeushona huo ukurasa ni nani."

Wakaanza na ule ukurasa wa juzi. Ndio uliotokea wa kwanza, na Profesa aliishia nusu. Chini kabisa palikuwa na tangazo la matone ya macho, na namba ya kupiga ukiyataka. Bibi akaguna tu.

Profesa akaandika swali jipya, hofu akaiacha nje. Akafungua kurasa nne, kila moja akimtafuta aliyeiandika. Wengi huona vizuri baada ya upasuaji, zilisema. Wachache hupata matatizo. Hata hao wachache aliwasoma kwa sauti.

"Hao tutamuuliza daktari," bibi akasema. "Nifungie kamba za kiatu, turudi juu."

Jicho lilipasuliwa kesho yake, la pili mwaka uliofuata. Bibi anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Profesa alifeli hesabu, akarudia, akamaliza chuo. Sasa anafanya kazi maktaba. Ukitafuta kwenye simu, muuza matone bado anatokea wa kwanza.