Mahali Mama Mkwe Alipoficha Maji

Gari la Floribert lilikuwa na usukani upande wa kulia, milango ya rangi mbili, na kiu isiyo na maelezo. Asubuhi analijaza maji hadi shingoni. Kufika mchana sindano ya joto imepanda, naye yuko kando ya barabara na kidumu mkononi, abiria wamemnunia. Madereva wenzake walilibatiza Mama Mkwe: linakunywa, halishukuru, na hakuna anayethubutu kuliuliza maji yanakokwenda.

Mafundi walikwisha kulihukumu. Joint ya culasse imekufa, walisema, ile inayobanwa kati ya kichwa cha injini na tumbo lake. Maji yanaingia ndani na kuungua. Injini si ya kuponywa tena. Ndugu mmoja wa kanisani alishauri amimine unga wa bukari, ule wa ugali, kwenye radieta ili uzibe. Floribert alikataa. Angekuwa dereva wa kwanza Lubumbashi kupika chakula cha mchana huku akiendesha.

Basi akakubaliana na Zakari, mkata magari wa Kamalondo, aje kulichukua na kuliuza kipande kwa kipande. Hakuwa na gari lingine wala kazi nyingine. Siku ilipofika aliomba jambo moja tu: wapite kwanza kwa fundi Mama Nafisa, aliangalie.

"Aangalie nini, maiti?" Zakari akacheka, mfuko wa spana begani. "Haya, tuende. Akuambie yeye, usinichukie mimi."

Mama Nafisa alikuwa na karakana nyuma ya mshona nguo, kilemba kilichofungwa vizuri, na sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili. Hakujua kujishusha. Marehemu baba yake alitengeneza saa, naye alimwambia kila mteja kwamba amemzidi mzee kwa mbali.

"Papa Flori, usinipe jina la ugonjwa," alisema. "Niambie tu bintu unaonaka."

"Mayi inapotea, mama. Na chini hakuna hata tone."

"Mayi haina mabawa. Iko mahali."

Hakuchukua spana. Alichomoa kijiti cha oili, akaipaka kidoleni, akaigeuza kwenye jua. Nyeusi, safi. "Kama mayi ilikuwa inaingiamo, ingekuwa sawa kahawa ya maziwa." Injini ilikuwa baridi, akafungua kifuniko cha radieta, akajaza, akamwambia Floribert awashe, kisha akainama juu ya tundu kama mtu anayechungulia kisima. Alikaa hivyo hadi Zakari akaanza kupiga miayo. Hakuna povu, hakuna hata kiputo kimoja. Akaenda nyuma, akaweka kiganja kwenye bomba la moshi, akakinusa.

"Motere haina makosa," alitangaza.

Zakari aliacha kupiga miayo.

Kisha Mama Nafisa akavua viatu. Floribert alikuwa ameona mafundi wakivua mashati, wengine wakimvua mteja pesa, lakini viatu hapana. Aliketi mbele, upande wa abiria, peku, akatulia.

"Sasa mi ni client wako. Bantu banakaaka hapa, banakulalamikia nini?"

"Vioo, mama. Vinatoka jasho. Nilibakataza kusema sana mu motokari."

Mama Nafisa alicheka hadi kilemba kikalegea. Floribert naye akacheka kidogo, kwa heshima ya msiba wake. Kisha akaona vidole vya mguu wa mama vikikanyaga sakafu polepole, hapa, pale, kama mtu anayepapasa embe sokoni kujua lililoiva. Chini Floribert alikuwa ametandika balatum, plastiki ya sakafu ya sebuleni, yenye maua, akaigundisha pembeni ili matope ya mvua yasiguse zulia. Hakuna teksi Kampemba nzima iliyokuwa na sakafu nzuri hivyo. Kidole gumba kilibonyeza ua moja karibu na dashibodi, na ua likajibu: *chwaa*.

Mama Nafisa akaichana balatum. Zulia lilikuwa bwawa.

"Mayi inatokea hapa," alisema taratibu, akigonga dashibodi. "Mu ndani kuko radiateur ya kidogo, ya kupasha bantu moto. Hii motokari ilitokaka mu inchi ya baridi. Imetoboka."

"Lakini mi siwashake ile kintu hata siku moja!"

"Uwashe, usiwashe, mayi inapitamo tu. Na weye ukaifunikia maua."

Floribert hakukasirika. Alikuwa akitazama ile miguu, akiwaza kwamba mafundi wote walianza na injini, na huyu alianza na swali la maji yamekwenda wapi.

Mama Nafisa alikata mipira miwili inayopeleka maji ndani, akaiunganisha kwa kipande cha bomba la shaba, akakaza. Radieta ndogo ikabaki pembeni, kavu.

"Lakini imechemka mara nyingi," Zakari alisema. "Pengine sasa imeumia kweli."

"Pengine," alikubali Mama Nafisa. "Njo tunaenda kuona."

Wakaenda hadi mtaa wa Hewa Bora, jua la saa sita, katikati ya msongamano. Zakari aliketi nyuma, akipumua shingoni mwa Floribert. Sindano ilianza kupanda.

"Inapanda," alisema Zakari.

"Iache ipande, haijafika mahali yake," alijibu Mama Nafisa.

Ilifika katikati. Ikasimama hapo, mbele ya lori lililoharibika, kwenye foleni ambayo haikusonga, na njia nzima ya kurudi. Floribert aliitazama kuliko alivyotazama barabara, akatukanwa na waendesha pikipiki, asijali. Karakanani walisubiri injini ipoe. Mama Nafisa akafunika kifuniko kwa kitambaa, akakizungusha. Maji yalikuwa hadi shingoni.

Zakari alichungulia, akachungulia tena, akarudisha mfuko begani. "Mama, weye unaniharibia kazi."

"Kazi yako ni ya bafu, ya maiti, kaka. Hii ingali muzima."

Mwanamke mwenye mzigo alisimama njiani. "Chauffeur! Uko naenda Kenya?" Alimaanisha mtaa wa Kenya, si nchi.

Floribert alimgeukia kwanza Mama Nafisa ili kumshukuru.

"Unaniangalia mi ya nini? Mutu iko kule, na jua iko kali! Endesha!"